Mbele ya kuweka ghala la data kwenye klasta: mambo ya kujibu kwanza kwenye karatasi



Kati ya vijana wetu wa Baraka na Fizi kuko wazo moja ambalo linarudi kila mara: tuwe na seva yetu wenyewe, hapa kwetu. Na sababu ziko. TFC na memwari za licence zinalala kwenye makabati ambamo mchwa na maji vinaingia. Hesabu za mashamba ya mpunga na mihogo ziko kwenye laptopu ya mtu mmoja. Orodha za wanachama wa koperative ziko kwenye flashi, na flashi iko mfukoni. Laptopu ikiibiwa, au familia ikilazimika kukimbia usiku, miaka mitatu ya kazi inapotea kwa saa moja.

Wale wenye kusoma infomatiki wanatoa jibu haraka: tutafute mashini tatu ndogo, tuweke Kubernetes, juu yake tuweke Ceph au Longhorn, basi data itakuwa na nakala tatu na haitapotea tena. Jibu hilo si baya. Lakini limeruka sehemu kubwa ya kazi. Programu itatengeneza nakala tatu, ni kweli. Haijui kama mashini zote tatu zinakula umeme kwenye betri moja, wala kama ziko chini ya bati moja linalovuja. Hayo ni sisi wa kuyapanga, na tunayapanga mbele ya kuandika komandi ya kwanza.

Tuanze kwa kueleza maneno, juu si wote humu tumesoma infomatiki. Mimi mwenyewe masomo yangu ni ya kilimo.

Kontena ni namna ya kufunga programu pamoja na vitu vyote inavyohitaji, ili iende sawasawa kwenye mashini yoyote. Ukiwa na kontena nyingi na mashini nyingi, unahitaji kitu cha kuamua kontena gani iende kwenye mashini gani, na cha kuiwasha tena ikizimika. Kazi hiyo inafanywa na Kubernetes, programu ambayo Google iliitoa wazi kwa watu wote mwaka 2014. Jina lake ni la Kigiriki, maana yake ni nahodha, yule mwenye kushika usukani. Sisi wa kando ya Tanganyika tunaelewa vizuri: nahodha ndiye anajua mzigo gani ukae wapi ndani ya boti, na ziwa likichafuka anaupanga upya. Kundi la mashini zinazoongozwa naye pamoja ndilo linaitwa klasta.

Tatizo ni hili. Kontena imeumbwa ili ife na kuzaliwa tena. Mashini ya kwanza ikizimika, Kubernetes inaiwasha ile programu kwenye mashini ya pili. Lakini kama data ilikuwa imeandikwa kwenye diski ya mashini ya kwanza, programu inaamka mahali pengine mikono mitupu. Kwa ukurasa wa matangazo hakuna shida. Kwa hifadhidata ya wagonjwa au ya wakulima, ni hasara.

Ndiyo maana tunahitaji ghala la data ambalo halijafungwa kwenye mashini moja. Zamani, taasisi kubwa zilinunua sanduku maalumu la diski, lenye bei ya kutisha, na seva zote zikalitegemea. Siku hizi programu inaweza kuchukua diski za kawaida zilizo ndani ya mashini mbalimbali, ikazifanya zionekane kama ghala moja. Unapoandika faili, programu inaweka nakala kwenye mashini tofauti. Mashini moja ikikufa, nyingine zinaendelea kujibu.

Ceph ni mojawapo ya programu hizo. Ilitokana na kazi ya udaktari ya Sage Weil kwenye Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, mwaka 2007, na leo CERN, kituo kikubwa cha fizikia kule Uswisi, inaitumia. Rook ni programu inayosaidia kuendesha Ceph ndani ya Kubernetes. Longhorn ni nyepesi zaidi, iliumbwa moja kwa moja kwa ajili ya Kubernetes. Iko pia GlusterFS, ambayo taasisi ya utafiti wa mifugo ILRI, Nairobi, iliitumia kuunganisha diski za seva zake za utafiti. Kwa hiyo jambo hili si la Ulaya tu. Linafanyika katika ukanda wetu, na linafanyika kwa ajili ya kilimo.

Sasa niseme kama mtu wa kilimo. Mkulima wa Mutambala mwenye akili haachi miti yake yote ya mihogo ya kupanda kwenye shamba moja. Mozaiki ikiingia, au ng'ombe wakipita, anabaki bila mbegu. Anaweka kidogo bondeni, kidogo mlimani, kidogo kwa shemeji. Dunia nzima inafanya vile vile. Kituo cha ICARDA kilikuwa na benki ya mbegu karibu na Aleppo, nchini Siria. Kilikuwa kimetuma nakala za mbegu zake kwenye ghala la Svalbard, kisiwani kaskazini mwa Norwei, ghala lililofunguliwa mwaka 2008. Vita vilipofanya benki ya Aleppo isitumike, mwaka 2015 ICARDA iliomba mbegu zake kutoka Svalbard na kuanza kuzizalisha upya Lebanoni na Moroko. Kama nakala zote zingekuwa Aleppo, hata zingekuwa kumi, zisingesaidia.

Shikeni mfano huo. Utatusaidia katika maswali yote yanayofuata. Chukueni karatasi, na kila swali lipate jibu lililoandikwa.

1. Tunaogopa nini?

Andikeni vitu vinavyoweza kuharibika, kimoja kimoja. Diski moja kufa. Mashini moja kuungua. Swichi ya mtandao kufa. Umeme kukatika ghafla kwa mashini zote. Maji kuingia ndani ya chumba. Tuliona Aprili 2020 kule Uvira namna mafuriko yanaweza kubeba mtaa mzima. Mwizi. Watu wenye silaha kupora ofisi. Mtu wetu mwenyewe kufuta faili kwa bahati mbaya.

Kando ya kila hatari, andikeni: je, nakala tatu ndani ya chumba kimoja zinatuokoa hapa? Kwa diski na mashini moja, ndiyo. Kwa maji, mwizi, uporaji na kufuta kwa bahati mbaya, hapana. Ukifuta faili, programu inaifuta kwa utiifu kwenye nakala zote tatu. Karatasi hiyo peke yake itawaonyesha kwamba klasta inajibu nusu tu ya woga wetu.

2. Mashini ngapi?

Tatu ndiyo mwanzo. Wengi wanauliza kwa nini si mbili. Fikiri wazee wawili walioachiwa ufunguo wa ghala, mmoja Baraka na mwingine Fizi, kisha njia inafungwa. Kila mmoja anaweza kufikiri mwenzake amekufa, akaanza kuamua peke yake. Njia ikifunguka, kuko vitabu viwili vya hesabu visivyolingana. Kwa kuepuka hilo, Kubernetes na Ceph zinataka wengi wakubaliane: wawili kati ya watatu. Mashini mbili tu, moja ikianguka, hakuna wengi, na kazi inasimama. Mashini nne hazizidi tatu katika kura hiyo, maana nne zinahitaji watatu wakubaliane na zinavumilia kuanguka kwa moja tu. Ndiyo maana wapiga kura wanawekwa kwa hesabu ya witiri: tatu, tano.

3. Diski gani, na nafasi gani itabaki?

Diski ya ghala isiwe ile yenye mfumo wa mashini. Kila mashini iwe na diski mbili: moja ya mfumo, moja ya data. Rook inataka diski au kipande cha diski ambacho ni kitupu kabisa, hakina hata mfumo wa faili. Komandi lsblk -f inaonyesha hali ya kila diski. Kama kando ya diski yako kuko neno kama ext4, haitachukuliwa mpaka uisafishe. Na mbele ya kusafisha, hakikisheni mara mbili kwamba hakuna memwari ya mtu ndani yake. Longhorn haina masharti hayo, inaandika ndani ya folda, kwa kawaida /var/lib/longhorn, lakini inataka programu ya open-iscsi iwe tayari kwenye kila mashini.

Tufanye hesabu. Mashini tatu, kila moja diski ya terabaiti 1. Jumla 3. Kwa nakala tatu, nafasi ya kweli ni terabaiti 1. Na hiyo 1 hamtaijaza: Ceph inaanza kulalamika kwenye asilimia 85, na kwenye asilimia 95 inakataa kuandika. Kwa hiyo mna kama gigabaiti 850. Mwenye kuahidi wakubwa wa chuo terabaiti 3 atakuja kuona haya.

Nunueni SSD. Diski za kuzunguka zitawachosha, hasa kwa hifadhidata. Mjue pia kwamba SSD za bei ndogo hazina kinga ya ndani ya kumaliza kuandika wakati umeme unakatika, na juu ya hiyo zinakuwa polepole sana chini ya Ceph, ambayo inadai uhakika kila inapoandika.

4. RAM, mtandao na saa

Ceph ina hamu kubwa ya RAM. Kwa kawaida inapanga gigabaiti 4 kwa kila diski ya data, bila kuhesabu mfumo wenyewe na programu zenu. Kwa maoni yangu, mashini za gigabaiti 8 zielekee Longhorn na k3s, ambayo ni Kubernetes iliyopunguzwa uzito. Mkiwa na 16 na zaidi, Ceph inafikirika.

Swichi nayo msiidharau. Tuseme diski moja imekufa na lazima gigabaiti 800 zinakiliwe upya. Kwa swichi ya gigabiti 1, inayopitisha kama megabaiti 110 kwa sekunde, ni saa mbili hivi, kama hakuna kazi nyingine. Kwa swichi ya zamani ya megabiti 100 ni kama saa 19. Muda huo wote mko na nakala mbili tu, na mnaomba Mungu jenereta lisizime.

Saa za mashini zote zilingane pia. Ceph inalalamika hata tofauti ikiwa sehemu ndogo ya sekunde, 0.05. Mahali ambapo intaneti inakuja na kuondoka, chagueni mashini moja iwe ya kutoa saa kwa zingine.

5. Umeme

Hapa kwetu hili ndilo swali la kwanza hata kama nimeliandika la tano. Sola na betri ndiyo maisha yetu. Kama mashini tatu ziko kwenye betri moja, basi mbele ya umeme mko na mashini moja. Betri ikiisha usiku, zote zinaanguka kwa pamoja, wakati ambapo kila moja ilikuwa inaandika. Nakala tatu zilizokatwa katikati ya neno hazina thamani ya nakala moja iliyomalizika.

Mambo mawili yanasaidia. Kwanza, pimeni mashini na swichi zinakula wati ngapi, mfanye hesabu ya usiku mzima na ya siku tatu za mawingu, si ya siku moja ya jua kali. Pili, betri iwe na namna ya kuonya mashini ili zijizime zenyewe kwa utaratibu kabla haijaisha. Kama uwezo wa kuacha klasta iwake saa 24 haupo, semeni ukweli: itawaka saa fulani tu, na itazimwa na mtu anayejua mpangilio wa kuizima.

6. Intaneti

Kuweka programu hizi kunaita kupakua faili nyingi, za mamia ya megabaiti, na kila mashini inataka zake. Kwa fofe ya simu, ni makuta yanayoyeyuka. Pakueni mara moja mahali penye mtandao mzuri, Bukavu au Uvira, mziweke kwenye diski ya kubeba, kisha mziingize kwenye kila mashini. k3s inaruhusu hilo: faili za kontena zinawekwa kwenye folda yake maalumu na inazisoma bila intaneti. Andikeni namba ya toleo la kila programu. Mashini ikikufa mwaka ujao, mtahitaji toleo lile lile, na huenda siku hiyo mtandao haupo.

7. Bekapu iko wapi?

Turudi kwenye mfano wa ICARDA. Nakala za ndani ya klasta ni za kuzuia kazi isisimame. Bekapu ni kitu kingine: ni nakala ya jana, ya wiki iliyopita, iliyokaa mbali, ambayo kosa la leo haliwezi kuigusa. Kwa sisi wa Baraka tulio kando ya ziwa, Fizi-centre kule juu mlimani ni mahali pa kwanza pa kufikiria; Uvira ni pa pili, ingawa barabara ya RN5 ina siku zake. Diski mbili za kubeba zinazopokezana, moja ikiwa huku na nyingine kule, hazihitaji intaneti. Longhorn inaweza kutuma bekapu kwenye seva nyingine pia, kama njia ya mtandao ipo.

Na diski hizo zifungwe kwa siri. Majina ya wagonjwa, ya wakimbizi wa Lusenda, ya watu waliopokea msaada, yakiangukia mikono mibaya katika eneo letu, si hasara ya kompyuta tena. Mtu anaweza kufuatwa nyumbani kwake. Mashini za klasta nazo ziwe hivyo hivyo, na neno la siri lisibandikwe kwenye mashini yenyewe.

8. Nani anajua?

Kama ni mtu mmoja tu anayejua klasta, basi mna nakala tatu za data na nakala moja ya ujuzi. Huyo atapata kazi Bukavu, au ataolewa Kalemie, au atakimbia kama wengine. Wawe wawili angalau, watatu ni vizuri. Na kuwe na daftari, la karatasi, lenye kueleza namna ya kuzima, kuwasha, kubadilisha diski na kurudisha bekapu, kwa maneno ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaelewa.

Siku ya jaribio

Majibu yakipatikana, wekeni klasta na data ya mchezo. Kisha iharibuni kwa makusudi. Chomoeni waya wa mashini moja wakati mtu anaandika: je, kazi inaendelea? Usishangae ikichukua dakika kadhaa. Kubernetes inasubiri kwanza kuona kama mashini itarudi. Chomoeni swichi. Zimeni umeme wote, kisha washeni. Mwisho, futeni kila kitu na mrudishe kutoka bekapu, mkipima saa ngapi zinapita. Bekapu ambayo haijawahi kurudishwa bado ni matumaini tu. Kama mmoja wa majaribio hayo anashindwa, data ya kweli isiingie bado.

Saa zingine jibu ni hapana

Baada ya maswali hayo, kundi linaweza kugundua kwamba halihitaji klasta. Maktaba ya TFC ya chuo kimoja, gigabaiti mia moja, wasomaji ishirini kwa siku: mashini moja yenye diski mbili zinazofanana, na bekapu mbili zinazokaa mbali, zinatosha, na feza inayobaki inanunua betri nzuri. Ikizimika saa tatu, hakuna anayekufa. Klasta inastahili pale ambapo kusimama kwa kazi kunaumiza watu, na pale ambapo kuko watu na umeme wa kuilisha. Kuna wakati tunataka kitu kwa sababu kina jina kubwa kwenye CV. Hiyo si dhambi, kila mmoja wetu anatafuta kazi. Lakini basi tujifunzie kwenye data ya mchezo, tusijifunzie kwenye orodha ya wakulima waliotuamini.

Kwa hiyo ninapendekeza hivi kwa vikundi vyetu vya Baraka, Fizi, Mboko, Nundu na kwingine: mbele ya kuomba mchango wa kununua mashini, leteni karatasi moja yenye majibu ya maswali haya nane. Wa infomatiki akae na wa uchumi, wa kilimo na yule anayejua sola. Mkikwama kwenye umeme au kwenye bekapu, hapo ndipo mchango wa kwanza uende. Mashini zinaweza kusubiri mwezi mwingine.